Mashine Zote za Kiwanda

Esinam Dzokoto hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika alinyamaza, akavua miwani, akaisafisha kwa ncha ya blauzi. Waliomjua pale kiwanda cha vitambaa cha Larbi, Koforidua, wakiona miwani inasafishwa mara ya pili, walikumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba kingine.

Kazi yake ilikuwa kompyuta. Za wahasibu, za ghala na za getini zilikuwa Windows. Za chumba cha wachoraji zilikuwa Mac, kwa sababu wachoraji hawataki nyingine, na ukiwapa nyingine wanakutazama kama umewatengea ugali wa banku bila pilipili. Halafu zilikuwepo zile za Linux, zimefungwa ubavuni mwa mashine za kuchapa, zimelambwa na vumbi la nili mpaka hata aliyezinunua asingezitambua. Mtu mmoja, mifumo mitatu, ghorofa mbili, na flashi mfukoni. Kila sasisho jipya lilipotoka Esinam alipanda ngazi na kushuka, akamwomba mhasibu asimame, akasubiri, akashuka tena.

Ndiyo maana alihangaika miaka akiomba kiwanda kinunue mfumo wa kuzisimamia zote kutoka sehemu moja. Kikanunua. Seva ikawekwa chumbani kwake, na kazi iliyobaki ikawa kuweka ndani ya kila kompyuta kiprogramu kidogo kinachoitwa wakala. Wakala anakaa kimya. Anapokea maagizo ya seva, anaweka masasisho, anasema diski imejaa, anapiga kelele virusi vikiingia. Basi.

Alianza vibaya, na hakuficha. Siku ile kulikuwa na kompyuta mpya za ofisi, zote Windows, zote sawa. Akaandaa moja vizuri, akaweka kila kitu ndani yake, na wakala humohumo, kisha akainakili kwenye zile nyingine. Alipofungua seva ili aone matunda ya jasho lake, akakuta kompyuta moja tu. Moja! Tena ina wazimu: mara iko uhasibuni, mara getini, mara ghalani, haikai mahali pamoja kwa muda wa kumeza mate.

Ukweli ni kwamba wakala hujipa nambari yake siku anapowekwa, na seva humjua kwa nambari hiyo. Esinam alikuwa amenakili mpaka nambari. Na pale kiwandani kompyuta hupewa jina la siku iliyowashwa mara ya kwanza, kama watoto wa kule wanavyopewa. Ya Ijumaa ni Kofi. Yeye alikuwa ameiwasha ile ya kwanza Ijumaa.

Korletey, fundi wa mashine za kuchapa, mtu wa kabila la Krobo mwenye tumbo la heshima na mikono ya buluu isiyotakata hata kwa petroli, alikuja mlangoni kucheka.

"Nasikia umezaa Kofi mmoja mwenye miguu mingi."

"Toka hapa, Korletey."

"Mimi natoka. Sijui Kofi kama atatoka. Labda yuko nyuma yangu."

Ilimbidi Esinam apite kila kompyuta, afute nambari ile, amwache wakala ajizalie yake. Akajifunza. Za Linux alizifanya kwa mkono, moja moja, huku Korletey amesimama kama mzazi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Sharti lake lilikuwa moja: kompyuta zake zisijizime na kujiwasha zenyewe wakati kitambaa kiko kwenye roli, kwa maana nta ya kuchapia ikigandia mahali pasipotakiwa, kitambaa cha siku nzima ni matambara. Esinam akaliweka sharti hilo kwenye mipangilio, akamwonyesha, naye akaridhika.

Zikabaki Mac za wachoraji.

Chumba cha wachoraji kilikuwa cha wanawake, na mkubwa wao alikuwa Maame Otubea, mama mnene wa taratibu ambaye alianza kuchora kwa penseli na karatasi ya mraba enzi za baba wa mkurugenzi wa sasa, na sasa alichora kwa kalamu ya umeme na bado aliilamba ncha kwa mazoea. Kila ua na kila jicho la ndege lililovaliwa mkoa ule lilipita mkononi mwake.

"Huyu mgeni wako," Maame Otubea aliuliza, bila kutoa macho kwenye skrini, "anaona nini?"

"Anaona kama kompyuta ni mgonjwa, Maame."

"Na michoro yangu?"

"Haioni."

"Ninapomwandikia binti yangu kwamba mumewe ni bwege?"

Wachoraji wakaangua kicheko. Esinam naye akacheka. "Hata hilo haoni. Hana macho hayo."

"Niambie kwa kinywa chako, nisikie."

"Nakwambia kwa kinywa changu. Hatatazama kazi ya mtu wala maneno ya mtu."

Maame Otubea akasogeza kiti nyuma, akampisha. Wengine wote wakampisha baada yake. Hakuna aliyeuliza tena.

Haikupita muda mkurugenzi akamwita.

Mkurugenzi Ofosuhene Larbi alikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu, aliyerithi kiwanda pamoja na kiti cha baba yake na picha ya baba yake ukutani. Mezani palikuwa na vipande viwili vya kitambaa. Kimoja cha kiwanda. Kingine kimetoka sokoni, kimechapwa ng'ambo, rangi zimepauka kidogo lakini ua ni lilelile, jicho la ndege ni lilelile.

"Cha kwetu bado hakijatoka ghalani," mkurugenzi alisema. "Hiki kimeshauzwa soko la Makola. Nieleze."

"Sijui, Bosi. Inauma."

"Inauma. Sasa sikiliza. Huu mfumo tulionunua, nimesoma, unaweza kupiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache na kuituma kwenye seva. Mtu hajui."

Esinam akavua miwani. "Unaweza. Kipengele hicho nimekizima."

"Kiwashe."

"Wachoraji nimewaambia kitu hicho hakipo."

"Wewe umewaambia. Mimi sikuwaambia kitu." Akatabasamu, na kwa kweli halikuwa tabasamu baya; alikuwa mtu aliyelala vibaya juma zima. "Esinam, mmoja wa wale mama ananiuza. Nataka nimjue. Basi."

"Na sampuli? Sampuli zinatumwa kwa wafanyabiashara kabla kitambaa hakijachapwa. Hazitoki chumba cha wachoraji. Zinatoka hapa, ofisini kwako."

"Ofisi yangu haimo kwenye mjadala."

Esinam akaisafisha miwani kioo cha kulia, akakigeukia cha kushoto. "Niandikie, Bosi. Agizo kama hili silichukui kwa mdomo."

Mkurugenzi akavuta kompyuta yake, akaanza kuandika. Akasita. "Nikiandika wachoraji peke yao watasema nawaonea wanawake. Naandika kompyuta zote za kiwanda. Za Windows hazina shida, au sio?"

"Windows haimuulizi mtu. Mac inauliza."

"Inauliza vipi?"

"Kidirisha kinatokea mbele ya mwenye kompyuta, kinasema programu fulani inataka kupiga picha ya skrini yako, unaruhusu? Lazima aliyeketi pale abofye mwenyewe. Mimi nikiwa chumbani kwangu siwezi kumjibia."

Feni ikazunguka. Mkurugenzi akatazama kalenda ukutani, na Esinam akajua anachotazama kabla hajasema. Jumamosi hiyo alikuwa anazikwa kaka mkubwa wa Maame Otubea. Chumba kizima cha wachoraji kingekuwa kule Effiduase, wamevaa nyekundu na nyeusi, kitambaa walichokichora wenyewe kwa ajili ya marehemu.

"Jumamosi chumba kitakuwa kitupu," mkurugenzi alisema. "Badilisha manenosiri yao, ingia, bofya ruhusu kwenye kila moja, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

"Wakati wanamzika kaka yake?"

"Nani kasema mazishi? Mimi nimesema Jumamosi."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Esinam kabla hajafika mlangoni. Washa upigaji picha wa skrini kwenye kompyuta zote za kiwanda. Jina la mkurugenzi chini yake.

Jumamosi alifika. Mtu aseme atakalo, alifika, hakujifanya mgonjwa. Begani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kitambaa chake cheusi, maana alikusudia kupita msibani baadaye. Alifungua chumba cha wachoraji, akaketi kwenye kiti cha Maame Otubea. Kiti kilikuwa na mto uliobonyea kwa umbo la mwenyewe. Pembeni kopo la karanga. Kwenye ukingo wa skrini, kijipicha cha kaka yake, kimebandikwa kwa gundi ya karatasi.

Akabadilisha nenosiri. Akaingia. Akamwamuru wakala awashe kipengele kile, na kidirisha kikatokea, kikauliza. Wakala anataka kupiga picha ya skrini hii. Unaruhusu?

Kishale kikasimama juu ya kitufe. Kidole kikasimama juu ya kipanya. Chini, mashine ya Korletey ilikuwa inanguruma, sakafu inatetemeka kidogo kama kawaida.

Esinam alijikuta anakijibu kidirisha kwa sauti. "Mimi siye unayemuuliza."

Akabofya kataa. Akarudisha nenosiri la Maame Otubea kama lilivyokuwa, akafunga mlango, akarudi chumbani kwake. Hapo ndipo Korletey alipomkuta, ameinamia kibodi kama mtu anayechambua dagaa.

"Hukwenda msibani?"

"Nakwenda. Namaliza kazi ya Bosi."

Akamweleza. Korletey alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono ya buluu kwenye suruali ya buluu.

"Achana nayo. Mwambie mfumo umekataa. Yeye atajuaje?"

"Nimdanganye yeye ili nisiwadanganye wale? Mbona nitakuwa bado nadanganya."

"Atakufukuza."

"Anifukuze. Nitatoka kwa mlango uleule niliouingia, na jina langu nalibeba."

"Jina halilipi umeme, dada."

"Wala hilo tumbo lako halilipi, na bado unalibeba."

Korletey akacheka akitaka asitake, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Hakuondoka tena.

Alichokuwa anakitengeneza Esinam kilikuwa chepesi kukieleza na kigumu kukifanya. Mac inamuuliza mwenyewe. Vema. Basi zote ziulize. Aliandika kidirisha chake mwenyewe, kwa Kitwi na Kiingereza, maneno ya wazi ambayo hata mlinzi wa getini asingehitaji mtu wa kumfasiria: Kiwanda kinataka kupiga picha ya skrini hii kila baada ya dakika chache, kuanzia leo, na kuzihifadhi. Aliyeagiza ni Mkurugenzi. Unakubali? Chini yake vitufe viwili, Nakubali na Sikubali. Hakuna alama ya kufunga pembeni. Atakayebofya kukubali, kipengele kinawashwa. Atakayekataa, wakala anarudi kwenye kazi yake ya virusi na diski.

Mara ya kwanza alijaribu kwenye kompyuta yake ya Windows, na hakikutokea chochote. Seva ikasema kidirisha kimefunguliwa. Kiko wapi? Akakuna kichwa. Kumbe wakala anaendesha mambo yake nyuma, katika chumba cha mfumo ambako hakuna jicho la mtu. Kidirisha kilikuwa kimefunguka humo, kinawauliza wasiokuwepo. Akabadilisha mipangilio, kifunguke mbele ya aliyeingia kwa jina lake. Kikafunguka. Akafungasha kifurushi cha Windows, kifurushi cha Mac, na cha tatu cha Linux.

"Hata zangu?" Korletey aliuliza. "Kuna nini cha kutazama kwangu? Joto la nta?"

"Kaandika zote."

Halafu Esinam akafungua makundi kwenye seva. Lilikuwepo kundi moja alilolitengeneza siku ya kwanza bila hata kufikiri, kwa sababu mahali popote alipowahi kufanya kazi lilikuwepo. Aliliita Wakubwa. Kompyuta iliyomo humo haipokei agizo lolote. Humo ilikaa kompyuta moja tu, Kwaku, iliyowashwa Jumatano, ya mkurugenzi. Hakuna aliyemwambia aiweke humo. Ilikuwa heshima tu, kama vile mtu haketi kwenye kiti cha chifu hata chifu akiwa safarini.

Akaiteua Kwaku. Akaivuta nje ya kundi, akaiingiza pamoja na wenzake.

Korletey alisimama ndoo ikadondoka. "We! Hiyo ya Bosi."

"Ni mashine ya kiwanda au siyo ya kiwanda?"

"Ni ya kiwanda, lakini..."

"Lakini nini?"

Korletey akaiokota ndoo. Esinam akapanga vifurushi vitumwe Jumatatu asubuhi, saa ya mkutano, akabofya. Kisha akavaa kitambaa cheusi juu ya suruali, akaenda Effiduase kumzika kaka yake Maame Otubea.

Kule alimkuta mkurugenzi ameketi mstari wa mbele, mchango wake unatangazwa kwa kipaza sauti na watu wanapiga makofi. Alimwinulia Esinam nyusi: tayari? Esinam akaitikia kwa kichwa: tayari. Akapita kwenye mstari akitoa mikono mpaka kwa Maame Otubea, akainama.

"Pole, Maame. Jumatatu mtaulizwa kitu kwenye kompyuta. Kila mtu ajibu anavyotaka mwenyewe. Msiogope jibu."

Maame Otubea alimtazama kwa macho mekundu. "Mimi leo nimemfukia kaka yangu, mwanangu. Niogope kompyuta?"

Mkutano wa Jumatatu hufanyika ofisini kwa mkurugenzi, chini ya picha ya baba yake. Wakuu wa vitengo huketi mezani, na kompyuta ya mkurugenzi huunganishwa na projekta ili takwimu za mauzo zionekane ukutani. Esinam alilijua hilo. Asingekana kwamba alilijua.

Mkurugenzi alikuwa katikati ya grafu ya mwezi wa pili. Kidirisha kikatokea ukutani, kikubwa kama mlango.

Kiwanda kinataka kupiga picha ya skrini hii.

Mhasibu mkuu akasoma kwa midomo. Maame Otubea, ambaye macho yake hayasomi mbali, akamuuliza jirani, na jirani akamsomea, kwa sauti, mpaka pale penye maneno aliyeagiza ni Mkurugenzi. Mkurugenzi alizungusha kishale kwenye pembe za kidirisha akitafuta pa kukifunga. Hapakuwepo.

"Hiki nini?"

"Agizo lako, Bosi," Esinam alisema kutoka kiti chake karibu na mlango. "Kompyuta zote za kiwanda. Ninalo kwenye simu, nikitakiwa nilisome."

"Hii ni yangu."

"Ina kibandiko cha kiwanda chini yake. Nilikibandika mimi."

Zikasikika simu zinalia kwenye mifuko, moja baada ya nyingine: wenzao huko chini wanawauliza wakuu wao nini hiki kwenye skrini, wajibu vipi.

"Kumbe ndio macho yenyewe," Maame Otubea alisema polepole. Hakumtazama Esinam, alimtazama kijana aliyemjua tangu anatambaa chini ya meza za kuchorea. "Ofosuhene. Ulitaka kutuchungulia?"

"Maame, kuna mtu anatuibia michoro..."

"Najua kwamba kuna mtu anatuibia. Ni michoro yangu. Ungekuja ukaniuliza ningekaa na wewe hapa tukahesabu nani anaiona kabla haijachapwa." Akanyoosha kidole ukutani. "Kitambaa alichozikwa nacho baba yako nimekichora mimi. Huyo juu yako. Muulize kama alinichungulia."

Mkurugenzi hakuinua macho kwenye picha. Alimtazama Esinam kwa namna ambayo siku nyingine ingemfanya mtu aanze kukusanya vitu vyake mezani. Esinam alimtazama vilevile. Miwani yake ilikuwa usoni, hakuigusa.

"Bonyeza basi," Maame Otubea alisema. "Hakuna lililofichwa, au sio? Bonyeza tuendelee na mkutano."

Kishale kikaenda Nakubali. Kikakaa hapo. Watu mezani wakajua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba nyuma ya kidirisha kile kuna barua za mtu, na hesabu za mtu, na sampuli alizotuma na kwa nani, na pengine mke wake amemwandikia kwamba fulani ni bwege. Kishale kikavuka upande wa pili.

Sikubali.

Kidirisha kikaondoka, grafu ya mwezi wa pili ikarudi. Hakuna aliyeitazama.

"Basi na mimi hivyohivyo," Maame Otubea alisema, akainuka akishika magoti. "Nakwenda kujibu yangu."

Wakatoka wote nyuma yake, viti vinakwaruza sakafu. Mkurugenzi akabaki na Esinam.

"Unajua naweza kukufukuza sasa hivi."

"Najua. Seva nimeiacha safi, manenosiri yote yako kwenye bahasha kwa katibu wako. Atakayekuja ataendelea kesho yake." Akasimama. "Ila naye atakutana na swali lile. Mac zitamuuliza."

Mkurugenzi alijisugua uso kwa viganja viwili. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Kitoe hicho kitu."

"Kwenye yako tu?"

"Kwenye zote."

"Niandikie, Bosi."

Mkurugenzi akavuta kompyuta, akaandika, na kibodi kikasikika mpaka kwenye ngazi. Simu ya Esinam ikatetemeka mkononi. Aliusoma ujumbe mpaka mwisho, neno kwa neno, kuhakikisha kwamba neno zote limeandikwa.

Korletey alikuwa anamngoja chini ya ngazi na kikombe cha juisi ya sobolo.

"Vipi? Una kazi au huna?"

"Hajasema."

"Mimi zangu nimezijibia," Korletey alisema, akampa kikombe. "Sikubali, sikubali, sikubali. Joto la nta ni siri yangu na Mungu."

Esinam akanywa, akarudi chumbani kwake. Kwenye seva, kundi la Wakubwa lilikuwa bado lipo, tupu. Akaliteua, akalifuta, akaanza kazi ya siku.